Fundi Akiharibu Nyumbani kwa Mtu, Nani Alipe?

Wiki hii nimeona tuzungumze juu ya jambo ambalo huwa halifiki kwenye vichwa vya habari, lakini halimkosi mtu yeyote mwenye paa juu ya kichwa chake. Nalo ni habari ya fundi anayekuja kufanya kazi nyumbani kwako, na vitu vinavyoharibika wakati kazi inafanyika.

Sote tunayajua mambo haya. Fundi bomba amekuja kubadilisha koki, ameibana kwa nguvu, na bomba lililokuwa limekwisha liwa na kutu limekatika ndani ya ukuta. Koki ilikuwa ya bei ndogo, lakini sasa ukuta wote utobolewe. Fundi umeme ametoboa mahali pa kuweka soketi, kumbe ndipo ulipopita waya wa jiko. Seremala ameitwa kurekebisha mlango unaokwama, ameuranda upande ambao si wake, na sasa mlango haukwami tena bali haufungi kabisa. Mpaka rangi ameegemeza ngazi kwenye kabati la vyombo ambalo mama mwenye nyumba alipewa siku ya harusi yake. Hapana hata mmoja aliyekusudia. Lakini kitu kimeharibika, na watu wawili wamebaki wanatazamana. Mmoja ana nyumba yake, na mwingine ana mkoba wa vifaa na ujira ambao bado hajaupokea.

Hapo huzuka swali: nani alipe?

Mara nyingi swali hili huamuliwa kwa sauti. Mwenye sauti kubwa ndiye anayeshinda. Mwenye nyumba akiwa mkali, fundi huondoka mikono mitupu, na kama ni baba wa watoto, siku hiyo jioni nyumbani kwake hakuna kitu. Fundi akiwa mjanja, hukusanya vifaa vyake akisema anakwenda dukani mara moja kununua kifaa kilichopungua, na tangu hapo simu yake haipokewi. Njia zote mbili hazina haki ndani yake. Mimi nadhani tunafika huko kwa sababu tunaliona swali hili kuwa dogo, la kumalizana mlangoni. Kwa hakika ni miongoni mwa maswali ya kale kabisa katika sheria za binadamu, na waliotutangulia wamelijibu kwa namna mbalimbali. Nataka leo tupitie majibu hayo, kisha tuone la kuchukua.

Tuanze mbali, katika nchi ambayo leo inaitwa Iraki. Karibu miaka 1,750 kabla ya kuzaliwa Kristo, alitawala huko Babeli mfalme mmoja aliyeitwa Hammurabi. Mfalme huyu aliamuru sheria zake zichongwe juu ya nguzo ya jiwe jeusi. Nguzo hiyo ilifukuliwa na wataalamu wa Kifaransa mwaka 1901 katika magofu ya mji wa Susa, nchini Irani, na hivi sasa imehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Louvre, Paris. Katika sheria zake, ambazo wataalamu wamezihesabu kuwa 282, vifungu sita vinafuatana vikimhusu fundi wa kujenga nyumba.

Kifungu cha kwanza kinataja ujira wake. Fundi akimjengea mtu nyumba na kuikamilisha, atalipwa shekeli 2 za fedha kwa kila kipimo kimoja cha nyumba. Baada ya hapo ndipo zinapokuja adhabu. Nyumba ikianguka ikamwua mwenyewe, fundi auawe. Ikimwua mtoto wa mwenye nyumba, auawe mtoto wa fundi. Ikimwua mtumwa, fundi atoe mtumwa mwingine. Ikiharibu mali, fundi alipe yote iliyoharibika, na nyumba aijenge upya kwa gharama yake mwenyewe. Na kifungu cha mwisho kinasema kwamba hata kama nyumba haijaanguka, lakini ukuta umeanza kuinama, fundi auimarishe ukuta huo kwa fedha yake. Wahenga wetu husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Watu wa Babeli walikwisha liona jambo hilo, na wakaamua kuwa ufa aliouacha fundi aje auzibe fundi.

Sheria hiyo inatisha, hasa pale mtoto asiye na hatia anapouawa kwa kazi ya baba yake. Lakini tusiidharau. Kwanza, imeweka ujira na lawama mahali pamoja. Anayetaka fundi abebe lawama amlipe kwanza ujira unaojulikana. Pili, imetofautisha kilichoharibika kidogo na kilichoharibika kabisa. Kasoro yake kubwa, kwa maoni yangu, ni kwamba haiulizi sababu. Haiulizi kama matofali yaliletwa na mwenye nyumba mwenyewe, tena mabovu. Haiulizi kama mafuriko ndiyo yaliyolegeza msingi. Nyumba imeanguka, fundi ana hatia, basi. Sheria ya namna hiyo humfanya fundi aogope, lakini haimfundishi.

Jibu la pili limekaa nasi hapa hapa pwani kwa karne nyingi. Wanazuoni wa sheria ya Kiislamu walilijadili sana suala la fundi, maana miji yao ilijaa washonaji, watia rangi, wasuka mikeka na waashi. Walitumia maneno mawili ambayo Kiswahili kimeyapokea na kuyafanya yake, nayo ni amana na dhamana. Wakauliza hivi: mkono wa fundi ulioshika mali ya mtu ni mkono wa amana, au ni mkono wa dhamana? Ukiwa ni mkono wa amana, kitu kikiharibika bila ya uzembe wake, fundi halipi. Ukiwa ni mkono wa dhamana, analipa hata kama hakuzembea.

Hawakukubaliana. Imepokewa kutoka kwa Khalifa Ali kwamba yeye aliwadhaminisha mafundi, akiona kuwa watu hawatatengenekewa ila kwa njia hiyo. Imamu Abu Hanifa, aliyefariki mwaka 767, aliona kwamba kitu kikipotea au kikiharibika mikononi mwa fundi, na si kwa kitendo chake, basi halipi. Wanafunzi wake wawili mashuhuri, Abu Yusuf na Muhammad bin al-Hasan, wakampinga mwalimu wao. Wao walisema atalipa, isipokuwa pakitokea jambo lisiloweza kuzuilika, kwa mfano moto mkubwa ulioteketeza kila kitu.

Lakini katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yaliyoenea zaidi pwani yetu ya Afrika Mashariki, kuna tofauti moja inayohusu hasa mada yetu ya leo. Imo katika kitabu cha Imamu Nawawi kiitwacho Minhaj. Nawawi alikuwa mwanachuoni wa Shamu aliyefariki mwaka 1277, na kitabu chake kimesomeshwa katika nchi nyingi zinazofuata madhehebu hayo. Humo anaeleza kwamba mtu uliyemwajiri kushona nguo au kuitia rangi, kitu kikiharibika bila ya yeye kuvuka mpaka, halipi ikiwa hakuwa peke yake na kitu hicho. Na mifano anayoitoa ni miwili: mwenye mali amekaa naye, au mwenye mali amemleta fundi nyumbani kwake. Hata akiwa peke yake, kauli yenye nguvu ni kwamba halipi, ila hapo ndipo wanazuoni walipotofautiana.

Tazameni jinsi walivyofikiri. Ukimpa fundi redio yako akaenda nayo dukani kwake, redio imetoka mkononi mwako na kuingia mkononi mwake. Hujui aliigusaje, hujui aliiweka wapi. Lakini fundi akija kwako, nyumba haijatoka mkononi mwako. Wewe upo. Unaona ngazi imeegemezwa wapi. Unajua kabati lile lina vyombo vya harusi. Basi nawe una sehemu yako katika ulinzi wa mali hiyo. Fundi atawajibika akizembea au akivuka mpaka wa kazi aliyopewa, lakini hatabebeshwa kila balaa lililotokea huku mwenye nyumba anatazama.

Hii naiona ni hekima kubwa. Inamtendea fundi kama mtu mwaminifu mpaka ithibitike vingine, na inamwambia mwenye nyumba kwamba kumwita fundi si kumtupia mzigo na kwenda zako. Hata hivyo hekima hiyo ilizaliwa katika zama ambazo kazi ya fundi ilionekana kwa macho. Nguo iliyochanika inaonekana. Mlango uliorandwa vibaya unaonekana. Je, kazi ikiwa ni ya kitu kisichoonekana, ambacho mwenye nyumba hawezi kukikagua, na fundi mwenyewe ndio kwanza anajifunza?

Ndugu wasikilizaji, swali hilo lilikuja kwa nguvu mwanzoni mwa miaka ya 1880, umeme ulipoanza kuingizwa majumbani. Jambo la kuchekesha, na la kufundisha pia, ni kwamba walioumia vichwa mwanzo kwa ajali za mafundi umeme hawakuwa maskini. Walikuwa ndio matajiri wakubwa wa dunia, maana wao tu ndio waliomudu kuwa na mtambo wa umeme nyumbani.

Huko New York alikuwako tajiri wa reli aliyeitwa William Vanderbilt. Thomas Edison, yule mvumbuzi mashuhuri, alisimulia mwenyewe yaliyotokea watu wake walipofunga taa katika jumba la tajiri huyo. Kiasi cha saa mbili usiku waliwasha, taa zikawaka vizuri, na Bwana Vanderbilt akaingia na mke wake na binti zake kutazama. Ukumbi ule wa picha kuta zake zilikuwa zimefunikwa kitambaa cha hariri kilichofumwa pamoja na nyuzi nyembamba za madini. Nyaya mbili za umeme zikagusana na nyuzi hizo. Mafundi wetu wangesema umepiga shoti. Nyuzi zikawa nyekundu kwa moto, na ukuta ukaanza kuungua. Edison akaamuru mtambo uzimwe mara moja, na moto ukafa. Bibi Vanderbilt akapagawa, akataka kujua moto ule umetoka wapi. Alipoambiwa kuwa chini ya nyumba kuna mtambo, tena una boila la mvuke, akasema hawezi kuishi juu ya boila. Ikabidi mafundi wang'oe kila kitu walichokifunga.

Katika mji huo huo, mwaka 1882, mwenye benki J. P. Morgan naye alitiwa umeme katika nyumba yake mtaa wa Madison. Yeye mtambo wake uliwekwa chini ya ardhi, nyuma ya nyumba. Kila siku saa tisa alasiri mwendesha mitambo alikuja kuwasha boila, na saa tano usiku aliondoka. Mara nyingi watu wa nyumba walisahau saa, na wageni wakiwa bado wanacheza karata, taa zikafifia na kuzimika. Jirani mmoja akalalamika kwamba nyumba yake inatetemeka kwa sababu ya mashine, ikabidi mashine iwekewe mipira chini na magunia ya mchanga pembeni. Kisha siku moja waya uliopitishwa chini ya zulia kwenda kwenye taa ya mezani ulishika moto, ukaunguza meza ya kuandikia ya Morgan na sehemu ya chumba chake cha vitabu.

Kilichofuata ndicho kinachonivutia zaidi. Kesho yake alikuja mshirika wa Edison, Edward Johnson. Mbele yake alisimama mmoja wa watu wenye nguvu kubwa kuliko wote katika Marekani, na nyuma yake kuna meza iliyoungua. Morgan akamwuliza ana nia ya kufanya nini. Johnson hakusingizia zulia, wala hakusingizia watumishi. Alisema ubaya haumo ndani ya umeme wenyewe, bali kosa ni lao mafundi, na kwamba watafunga upya mpaka pawe salama. Morgan akamwambia afanye hivyo. Nyumba ikafungwa nyaya upya, na Morgan akaendelea kuwa mteja na kuitia fedha biashara hiyo ya umeme.

Mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Johnson hakuwa mbaazi. Naye alipata faida. Bibi Vanderbilt alifukuza umeme nyumbani kwake, lakini Morgan aliubakiza, na sababu moja ni kwamba aliambiwa ukweli na mtu aliyekuwa tayari kurudia kazi.

Uingereza nako hali ilikuwa hiyo hiyo. Lord Salisbury alitia taa za umeme katika jumba lake la Hatfield. Huyu ndiye Salisbury ambaye sisi wa huku tunamjua kwa sababu nyingine, maana ni serikali yake iliyotiliana saini na Wajerumani ule mkataba wa mwaka 1890 uliohusu Unguja na kisiwa cha Heligoland. Nyaya za jumbani kwake zilikuwa zikitoa cheche darini, na watu wa nyumba wakazizima kwa kuzitupia mito ya viti, kisha wakaendelea na mazungumzo yao. Habari hiyo huchekesha. Lakini mwaka 1881, katika uwanja wa jumba hilo hilo, kibarua wa bustani aligusa nyaya zilizokuwa zikipeleka umeme nyumbani, akafa papo hapo. Kwa wenye nyumba ajali ilikuwa mchezo wa mito, na kwa kibarua ilikuwa mauti. Tuliweke moyoni jambo hili, nitalirudia.

Kutokana na misukosuko ya namna hiyo likapatikana jibu la tatu. Mwaka 1882 chama cha wahandisi wa simu na umeme huko London kilitoa kanuni za kuzuia hatari ya moto katika taa za umeme. Kanuni hizo zimekuwa zikisahihishwa tangu wakati huo mpaka leo, na ndizo mama wa kanuni za kufunga umeme majumbani nchini Uingereza. Huko Marekani makampuni ya bima, yaliyochoka kulipa fidia za moto, yalisaidia kuanzisha mwaka 1894 maabara ya kupima vifaa vya umeme, na mwaka 1897 ikatolewa kanuni moja ya taifa zima. Swali likabadilika. Badala ya kungoja nyumba iungue na kuuliza nani alipe, watu wakauliza kabla: kazi hii imefanywa kwa kanuni?

Mfano mzuri wa mawazo hayo ni fyuzi. Fyuzi ni waya mwembamba uliowekwa makusudi uwe dhaifu kuliko nyaya zote za nyumba, ili umeme ukizidi, ufe wenyewe na nyumba isalimike. Aliyebuni fyuzi alikubali kwamba fundi atakosea, mwenye nyumba atakosea, panya atakula waya, na akaandaa mahali pa kosa hilo kuishia. Plagi yetu ya miguu mitatu ya bapa, iliyowekwa katika viwango vya Uingereza mwaka 1947, ina fyuzi yake tumboni kwa sababu hiyo hiyo. Sasa wewe ukiona fyuzi inakatika kila siku, ukatafuta waya mnene ukaufunga pale ili usisumbuliwe tena, ujue umemwachisha kazi mlinzi na usingizi umeulala wewe.

Huku kwetu umeme haukukawia. Beit al-Ajaib la Unguja, lililojengwa mwaka 1883 zama za Sultani Barghash, linatajwa kuwa jengo la kwanza visiwani kuwashwa taa za umeme. Mwaka 1908 mfanyabiashara Harrali Esmailjee Jeevanjee aliununua mtambo uliokuwa wa Sultani huyo, ikaanzishwa kampuni ya umeme ya Mombasa. Mwaka huo huo Nairobi ikapata kampuni yake, na Wajerumani wakawasha umeme Dar es Salaam. Kwa hiyo tuliupokea umeme kwa mikono ya watawala tofauti, na kila mtawala alikuja na desturi zake.

Wasiojua hudhani desturi hizo ni jambo dogo. Chukueni rangi za nyaya. Kwa Waingereza wa zamani waya mwekundu ndio uliokuwa na umeme. Kwa Wajerumani wa zamani waya mwekundu ulikuwa ni wa ardhini, yaani ule wa usalama. Fundi aliyefundishwa upande mmoja akikutana na kifaa cha upande wa pili, angeweza kushika mauti akidhani ameshika amani. Ndiyo maana nchi za Ulaya zilikubaliana rangi za pamoja: kahawia kwa waya wenye umeme, buluu kwa waya wa kurudishia, na kijani chenye mistari ya njano kwa waya wa ardhini. Waingereza walizianza rangi hizo kwenye nyaya za vyombo mwaka 1970, lakini nyaya za ukutani wakazibadilisha mwaka 2004 tu. Tena katika umeme wa njia tatu, mweusi ambao zamani ulikuwa wa kurudishia sasa una umeme, na buluu ambayo zamani ilikuwa na umeme sasa ni ya kurudishia. Nyumba ya zamani iliyoongezewa vyumba vipya inaweza kuwa na rangi za zama mbili ndani ya paa moja. Fundi mwerevu haiamini rangi. Anazima kwenye swichi kubwa, anapima kwa testa, ndipo anapogusa.

Sasa tuje kwenye siku zetu. Sheria tunazo. Tanzania Bara, mamlaka ya EWURA hutoa leseni za mafundi wa kufunga umeme, na Kenya kazi hiyo iko chini ya EPRA kwa sheria ya nishati ya mwaka 2019. Vyuo vya ufundi vipo. Lakini kanuni haiwezi kubisha hodi yenyewe. Inaingia nyumbani pamoja na mtu, na mtu huyo tunamchagua sisi. Wengi wetu tunamchagua kwa bei. Tunaambiwa na fundi kwamba waya huu ni mwembamba hautabeba jiko, tunamjibu afunge huo huo uliopo. Kisha ukiungua, tunamwita mwizi. Hapo mzigo ni wa nani? Kwa kipimo cha wale wanazuoni, aliyekuwapo, akaona, akaambiwa, akakataa, hawezi kudai.

Kwa maoni yangu hatuhitaji ukali wa Hammurabi. Tunachohitaji ni mapatano kabla ya nyundo ya kwanza kupigwa. Mwenye nyumba aseme anachokijua: bomba limepita wapi, ukuta huu una waya, dari ile imeoza. Fundi aseme anachokiogopa, kwamba koki hii ina kutu, nikiilegeza bomba linaweza kukatika, na likikatika tufanyeje. Wapatane nani ananunua vifaa na vya ubora gani. Vitu vya kuvunjika viondolewe njiani na mwenye vitu mwenyewe, maana ndiye ajuaye thamani yake. Awepo mtu mzima nyumbani kazi inapofanyika, si mtoto aliyeachiwa ufunguo. Na kazi ikiisha, ijaribiwe mbele ya wote wawili kabla ya fedha kutolewa. Maji yafunguliwe, taa ziwashwe, mlango ufungwe na kufunguliwa.

Na kitu kikiharibika, fundi aseme pale pale. Waya uliojeruhiwa kwa msumari kisha ukafunikwa na plasta, hauponi humo ndani. Unangoja mvua, unangoja ukuta uwe na unyevu, unangoja mtoto aliyetoka kuoga aguse. Nasema wazi kwamba fundi anayeficha jambo kama hilo amevuka mpaka, na hapo hakuna madhehebu wala kanuni itakayomtetea. Lakini nasi wenye nyumba tujiulize kwa nini wanaficha. Kama kila anayekiri hunyimwa ujira wote wa siku tatu kwa kigae kimoja kilichopasuka, tumewafundisha wenyewe kunyamaza. Akatwe thamani ya kigae, alipwe kazi yake, na kesho ataitwa tena.

Nilisema nitarudi kwa yule kibarua wa bustani. Tunapozungumza juu ya uharibifu nyumbani tunafikiria vitu vyetu. Tunasahau kwamba kitu cha kwanza kuharibika kinaweza kuwa fundi mwenyewe. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka wakati jengo likiwa katika matengenezo, na waliokufa walikuwa watu wa kazi. Fundi wa kujitegemea anayeanguka kutoka juu ya dari yako hana mwajiri wa kumdai fidia. Mifuko ya fidia imejengwa juu ya mwajiri na mwajiriwa, naye ameitwa kwa simu tu, kwa kazi ya saa mbili. Basi ngazi yako mbovu usimpe. Umeme uzime kabla hajapanda. Na akikuambia kazi hii inataka watu wawili, usimwambie ajitahidi peke yake.

Babeli waliweka ujira na lawama mahali pamoja. Wanazuoni wakatufundisha amana na dhamana. Wahandisi wakatuletea kanuni na fyuzi. Vyote hivyo ni mali yetu sasa, na havina gharama zaidi ya dakika kumi za maneno mlangoni kabla kazi haijaanza. Nyumba ni yako, lakini kwa saa chache umemkabidhi mtu mwingine, naye amekukabidhi roho yake.